Kichwa Kilichoninyima Kumbariki Binti Yangu

Mwanangu, nakumbuka asubuhi ambayo binti yangu Naserian alitoka hapa Karatu kwenda kuolewa Ololosokwan. Kwetu Wamaasai, binti hutoka nyumbani kwa baraka za baba yake. Mimi nilikuwa nimelala chumbani, mapazia yamefungwa, kichwa kinagonga. Nyimbo za kina mama huko nje ziliniumiza kama nyundo.

Naserian aliingia na shanga zake zote. "Baba, hata leo?"

"Nisamehe, mama. Baba yako mdogo atakubariki."

Aligeuka, akatoka. Nilimsikia mdogo wangu akiyasema maneno yaliyokuwa yangu.

Maumivu hayo nilijiletea mwenyewe. Nilikuwa dereva wa watalii, na ndani ya kreta, lile shimo kubwa la volkano lenye wanyama wakali, huwezi kushuka garini popote ukibanwa na mkojo. Basi nilijizoeza kutokunywa maji tangu asubuhi. Ikifika saa sita kichwa kinauma, nameza vidonge viwili vya maumivu kwa kahawa nzito, safari inaendelea. Mwanzoni ilikuwa mara moja moja, kisha ikawa kila siku.

Mama Zuhura wa duka la dawa alinitania: "Wewe dereva, hizi si karanga!"

"Kichwa ni changu, Mama Zuhura. Lete tu."

Tulicheka. Laiti ningemsikia.

Baada ya harusi nilikwenda hospitali. Daktari, msichana wa umri wa Naserian, alinieleza taratibu: "Mzee, sasa dawa zenyewe ndizo zinazokuumiza. Mwili umezizoea. Zikiisha mwilini kichwa kinauma, unameza tena." Aliniachisha dawa hizo akinisimamia. Siku za kwanza nilitapika na maumivu yakazidi. Baada ya wiki chache yakapungua.

Kwa hiyo, mwanangu, kunywa maji hata kama utalazimika kuomba gari lisimame penye choo. Kula kwa wakati, lala vya kutosha, punguza kahawa, jikinge na jua. Ukiona unahitaji vidonge zaidi ya siku mbili kwa wiki, nenda ukaonwe na daktari, wala usiviache ghafla bila ushauri. Na kichwa kikikushika ghafla kwa nguvu usiyoijua, au kikija na homa na shingo kukakamaa, kimbilia hospitali.

Naserian alishanisamehe, ana watoto watatu sasa. Lakini siku ile hairudi. Mungu akupe kichwa chepesi, mwanangu, na siku wanao watakapokuhitaji, wakukute umesimama.