Vikuku vya Shaba na Pipa la Petroli

Nakumbuka siku moja ya kiangazi kule Geita, mwanangu, nilimnunia babu yako Masanja tangu asubuhi kwa ajili ya safari iliyokwama. Nilikuwa bado bi harusi, na unajua bi harusi akinuna nyumba nzima hupoa. Leo umepata kazi ya kuchora mitambo ya kujaza mafuta kwenye chupa. Mimi sijui kuchora hata duara, lakini hili nalijua.

Masanja alikuwa fundi bati kwenye stoo ya mgodi. Alipewa kazi ya kutengeneza kifaa cha kutolea petroli kwenye pipa na kuijaza kwenye chupa za kupelekwa kambi za mbali. Alikitengeneza vizuri: pipa juu ya matairi chakavu lisibingirike, bomba, faneli, na koki inayojifunga ukiiachia. Ulibaki waya tu, wa kuunganisha pipa na faneli hadi kwenye chuma kilichochimbiwa ardhini. Waya ulikuwa umekwisha stoo na lori la Mwanza halijaja. Na msimamizi alishasema ruhusa ya kwenda Tinde, kwenye harusi ya mdogo wangu, ataipata chupa zikishajaa.

Nilipompelekea ugali na mlenda nikamsihi ajaze hivyo hivyo, mara hii tu, tuwahi safari ya kesho. Nikamwona analegea. Babu yako alinipenda mno, na hiyo ndiyo ilikuwa hatari yenyewe.

Mzee Luhende, mkuu wa mafundi, alikuwa pale akisafisha koki. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaniuliza kama nimewahi kuvua blanketi la sufu gizani wakati wa kiangazi. Nikasema ndiyo, hutoa cheche.

"Petroli ikikimbia kwenye bomba inafanya vilevile," akasema. "Pipa limekalia mpira, mumeo amevaa katambuga za tairi. Umeme wake hauna pa kushukia. Binti yangu, unataka kwenda harusini na mume, au uende ukiwa mjane?"

Nilirudi nyumbani na hasira zangu, maana alisema kweli mbele ya mume wangu. Nikakaa mlangoni, nikanyoosha miguu, na hapo nikaviona vikuku vyangu. Waya wa shaba tupu, mzunguko juu ya mzunguko, mama alinivisha kwa mkono wake siku niliyotoka kwetu. Nilikuwa nimepania kuvichezea ngoma Tinde. Nikalia kidogo, kisha nikaanza kuvikunjua.

Nilirudi stoo, nikamkabidhi Masanja. Alivinyoosha taratibu, akaviunga, akafunga kwenye pipa, akapitisha kwenye faneli, akashusha hadi kwenye kile chuma, na udongo uliokauka akaumwagia maji ili umeme upite. Akavua na katambuga. Chupa zikajaa salama, nasi kesho yake tukapanda lori la kwenda Tinde.

Kwenye ngoma wanawake waliitazama miguu yangu wakanong'onezana. Mama akanivuta nyuma ya nyumba, akaniuliza nimeviuza kwa nani.

"Vipo Geita, mama," nikamwambia. "Vimenirudishia mkweo mzima."

Alimtazama Masanja anavyocheza, vumbi limemfika magotini. Kisha akanishika mkono, akanirudisha ngomani na miguu yangu mitupu.

Basi, mwanangu, kwenye mchoro wako usiache hata kipande kimoja kwa ajili ya haraka ya mtu, hasa mtu anayekupenda, maana huyo ndiye utashindwa kumkatalia. Anza kuchora waya wa kwenda ardhini, pipa lije baadaye. Koki ijifunge yenyewe, kwa sababu mkono huchoka na mawazo huwa nyumbani. Na kila atakayesimama mbele ya mtambo wako, jua kuna mtu anamsubiri na ugali.

Mungu aushike mkono wako unapochora. Na wote watakaofanya kazi kwa mchoro huo warudi nyumbani jioni, hata kama watawakuta wake zao wamenuna.