Bastola ya Babu Perisha

Shemeji yangu Vukota aliendesha greda la kusukuma theluji mpaka akastaafu, na aliliendesha vizuri. Lakini muulize yeye ni nani, atakwambia ni mjukuu wa Perisha. Greda halitaji. Atainuka, ataitungua bastola ukutani, na hapo ujue supu yako itapoa.

Ni bastola kubwa, nzito kama paja la kondoo, na mpini wake wa pembe umegeuka manjano. Zamani huku kwetu milimani kila mwanamume alitakiwa kuchomeka bastola ya namna hiyo mshipini, na mpaka leo anayeuza ya babu yake bora ahame. Perisha aliibeba vitani. Dada yangu Stana alipoolewa na Vukota, Perisha alikuwa ameua Waturuki watatu. Vukota alipostaafu, walikuwa wamefika kumi na mmoja. Sijawahi kuona marehemu mwenye bidii kama yule.

Na kila Mturuki alikuwa na mlio wake. Sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa nyumba ikifika, wageni wakishakaa, Vukota anaivuta nyundo ya bastola kwa dole gumba, anafyatua bila risasi, ta! "Huyo wa kwanza, pale mtoni!" Ta! "Wa pili, alikuwa juu ya farasi!" Farasi wenyewe aliwaongeza baadaye. Dada yangu anapita na sinia la nyama ya moshi huku amekunja uso, na mimi Joka nimekaa pembeni nahesabu maiti.

Kisha mwana wao wa pekee, Balsha, akachumbia msichana aitwaye Tijana, binti wa Milutin wa ng'ambo ya mlima. Watu wa kule hawatoi bibi arusi hivi hivi. Wanatundika tufaha juu kabisa ya mti uani, na upande wa bwana arusi lazima ulitungue kwa risasi. Tufaha lisipoanguka, mlango haufunguliwi.

Vukota akatangaza mbele ya ukoo mzima kwamba tufaha ataliangusha yeye, kwa bastola ya Perisha na si kitu kingine, na palepale ataikabidhi kwa Balsha kama baba yake alivyomkabidhi yeye siku ya arusi yake. Alitokwa na machozi akisema. Mimi humcheka sana yule mtu, lakini siku ile niliona kwamba hakuwa na ndoto nyingine duniani.

Balsha alisema tu, "Sawa, baba."

Taabu ikawa moja: bastola ilikuwa haivutiki tena. Ukiirudisha nyundo nyuma, inateleza na kurudi yenyewe. Stana akanituma nimsindikize mumewe mjini kwa Krsto, fundi bunduki, ili wasije wakapigana.

Krsto aliifungua, akaibana nyundo kwenye jiliwa, akaimulika.

"Mzee, jino la kuishikia nyundo isirudi limelika lote. Springi nayo imechoka, na silinda inacheza. Hii imefyatuliwa mno."

"Vitani!" Vukota akatuna kifua.

"Vita vya mezani," nikasema.

"Joka, nyamaza! Wanaume wanaongea."

"Nitakuchongea nyundo mpya," Krsto akasema. "Kazi ya wiki moja."

Mungu wangu! Ungedhani fundi kamtukana mama yake. "Mpya? Dole la Perisha limegusa hiyo hapo! Ukiitoa, Perisha anabaki wapi? Nibebe chuma chako wewe niseme ni cha babu yangu?"

"Basi nitalichomelea jino hilihili, nilijaze chuma, nilichonge kwa tupa. Lakini sikiliza, mzee. Jino la kujazia si kama lililozaliwa na nyundo. Litakuangushia tufaha lako, ila usilichezee. Itundike ukutani mpaka arusi, usiivute hata mara moja."

"Kwani mimi mtoto?" Vukota akasema.

Akavuta kigoda, akakaa palepale kumlinda fundi asije akambadilishia nyundo. Krsto alichomelea, akapiga tupa, akapima, akapiga tupa tena, na shemeji yangu hakutoka hata kwenda kunywa kahawa. Ilipokamilika wakaijaribu nyuma ya karakana. Bum! Moshi, kunguru wakatawanyika, na Vukota akambusu Krsto mashavu yote mawili. Na mimi nikafurahi, kwa nini nidanganye.

Wiki ya kwanza bastola ilikaa ukutani na Vukota akakaa mbele yake kama paka mbele ya bucha. Lakini habari zikasambaa kwamba bastola ya Perisha imepona. Majirani wakaanza kuja, kila mmoja na chupa yake ya pombe ya rakia.

"Tuoneshe basi, Vukota."

"Kuangalia tu," akasema.

Jioni ile ilikuwa kuangalia tu. Kesho yake akaivuta mara moja, kwa heshima ya padri. Mtu na padri wake, nani atamlaumu? Stana akapiga kelele kutoka jikoni, "Wewe mzee, fundi alikwambiaje?"

"Moja tu, mama Balsha! Haiumi!"

Ukishamuua wa kwanza utamwachaje wa pili? Siku ya arusi ilipofika, Waturuki walikuwa kumi na wanne.

Tulifika uani kwa Milutin magari kumi, honi, bendera, akordioni. Tufaha lile jekundu lilikuwa juu kabisa ya mti wa jozi. Tijana alikuwa dirishani na shela yake, anacheka. Vukota akasogea mbele katika vazi la kale, koti lenye nyuzi za dhahabu linalombana tumboni. Akaivuta nyundo. Ikarudi. Akaivuta tena. Ikateleza, tik, kama mtu anayefunga pochi.

Watu wa Milutin wakaanza. "Babu yako aliwazomea Waturuki au?" "Litikise tawi, mzee!"

Akaivuta mpaka dole gumba likatoka damu. Akordioni ikanyamaza. Nilitaka ardhi inimeze, na wala si babu yangu.

Milutin, mtu muungwana, akamletea bunduki yake ya kuwindia. "Chukua, mkwe mwenzangu. Tufaha halijui ni bunduki ya nani."

"Ya mtu mwingine? Tufaha la mwanangu? Sithubutu! Subirini, inapata moto."

Tukasubiri. Tijana hakuwa akicheka tena. Akainama dirishani akasema bila kupaza sauti, "Balsha, nivue viatu au nibaki navyo?"

Balsha akatoka kwenye kundi. Akaichukua bunduki mkononi mwa Milutin, akalenga, akafyatua mara moja. Tufaha likapasuka vipande viwili. Mlango ukafunguliwa, watu wakashangilia, Tijana akatoka na kumshika mkono.

Na Vukota, yule mtu ana kipaji, akageukia kundi. "Mmeona? Bastola ya Perisha haipigi matunda! Hii ilizoea..." Kuna waliocheka. Mmoja hata aliitikia kwa kichwa. Ndipo akaishika bastola kwa mikono miwili, akamnyooshea mwanawe.

"Chukua, mwanangu. Kutoka kwa Perisha."

Balsha aliitazama, akatazama lile dole lenye damu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Kaa nayo wewe, baba. Unaihitaji kuliko mimi."

Akaondoka na mkewe kuelekea mezani. Vukota akabaki amenyoosha mikono, na kila aliyempita alijifanya anatafuta kiti. Dada yangu akamsogelea, akaitoa bastola mikononi mwake, akaitia kwenye mkoba wake juu ya leso na dawa zake za presha.

"Haya, twende tukale," akamwambia.