Programu ya kurekodi ilimwambia Bi Riziki sauti yake imekwisha, nami nikaitetea

Wakuu, habari za mihangaiko.

Hili jambo nimekaa nalo kifuani tangu Mfungo Sita, mwezi wa maulidi. Leo nalitua hapa. Sina haja ya kutia chumvi, maana aibu yote iliyomo ni yangu mwenyewe.

Mimi ni Mpemba, nina kistudio hapa Chake Chake. Chumba kimoja cha kompyuta, na ubavuni kichumba cha kuimbia.

Narekodi kasida za madrasa, nyimbo za harusi, matangazo, chochote chenye sauti. Sikusomea hii kazi. Nimejifunza kwa kubonyeza.

Wanaozijua hizi software za muziki watanielewa. Ukifungua unakuta vitufe vimejaa kama dagaa kwenye tenga, na hakuna hata kimoja kinachokwambia kinafanya nini.

Mwaka huu jamaa yangu akanipa toleo jipya kwenye flash. Programu tu, manual hamna. Nikarekodi vijana wawili watatu wa bongofleva, kazi ikatoka safi, nikajiona nimefika.

Sasa ndipo anapoingia Bi Riziki.

Huyu ni mwalimu wa madrasa kule Pujini. Mke wangu Asha alisoma kwake, na kasida zote anazozijua Asha kazitoa kwake. Maulidi ya kule, anayesimamia upande wa wanawake ni yeye, miaka na miaka. Akianza yeye, watu wananyamaza.

Mwaka huu alifanyiwa operesheni ya tezi la shingoni. Daktari alishamwambia mapema kuwa sauti inaweza kubadilika. Alipopona akakaa kimya wiki nyingi, akijitunza.

Alhamisi moja akaja studio na Asha. Nikampa shikamoo, akaitikia kwa sauti ndogo, akakaa.

"Mwanangu, nataka nijisikie," akasema. "Mtu akiwa ndani ya kusoma hajijui. Nikisikia iko sawa, maulidi nasimamia miye. Nikisikia haiko, nampa Saumu."

Saumu ni mwanafunzi wake mkubwa. Maulidi yenyewe yalikuwa Ijumaa ya wiki ya pili yake.

Nikamuingiza kichumba cha pili, mlango ukafungwa, nikavaa hedfoni. Akaanza.

Wakuu, mstari wa kwanza tu nikajua kuna jambo.

Pale ambapo sauti yake huteleza polepole, ikawa inaruka. Inapanda ngazi. Imenyooka, kavu, haina ile huzuni. Nikasema kimoyomoyo, maskini Bi, operesheni imeondoka nayo.

Kumbukeni mlango ulikuwa umefungwa na mimi nasikia kupitia hedfoni tu. Sauti yake ya kweli, ya hewani, sikuisikia hata kidogo.

Alipotoka nikamuwekea asikilize. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono uko shingoni penye kovu.

Kisha akaniuliza, "Haiwi ni mashine yako hii?"

Nami kwa ule ujuaji wangu nikamjibu, "Hapana Bi. Hii inachukua kile ulichokitoa, basi."

Akatikisa kichwa. "Alhamdulillahi. Ilikuwa amana."

Akajifunga buibui lake vizuri, akaondoka. Asha alikuwa analia, yeye halii.

Jumanne yake nilikuwa najaribu maiki. Nikaimba ile ile kasida, kipande kidogo tu, kwa mchezo. Nikasikiliza.

Sauti yangu ikaruka pale pale. Neno lile lile.

Mimi sijapasuliwa shingo.

Hapo ndipo wasiwasi ulipoanza kunila. Kama ni programu, nimemuua mtu na sauti yake iko hai. Na kama si programu, nikienda kumpa tumaini halafu lisiwe, je? Kwa mtu wa umri ule?

Najua kuna mtu atauliza kwa nini sikumrekodi kwa simu. Nilimtuma Asha akamuombe aje tena mara moja tu. Akarudi na jibu: "Mwambie mumeo asinijaribu tena."

Basi nikaanza kutafuta kitufe.

Nikampigia jamaa aliyenipa ile flash. Akacheka. "Mie mwenyewe nabonyeza tu, ikitoka vizuri naacha."

Nikaingia kwenye video za mtandaoni. Zote za toleo jingine. Mtu anasema bonyeza hapa, halafu hapa, mkono unapita kama anakimbizwa, na mimi hicho kitufe sinacho.

Nikafungua Help ya programu yenyewe. Wakuu, kuna kitufe kinaitwa Snap. Nikasoma maelezo yake mara nne kwa kamusi. Yameandikwa hivi: kitufe cha Snap hutumika kuwasha au kuzima Snap.

Hivyo tu. Nilitamani kumjua aliyeandika ile sentensi. Ana hakika kuwa kamaliza kazi, na mimi huku silali wala sili.

Nikakizima hicho Snap. Hakuna kilichobadilika. Nikazima vingine, sauti ikapotea kabisa, nikadhani nimefuta rekodi yake. Nikarudisha kila kitu. Tangu hapo nikawa naogopa hata kugusa.

Jumatano ikapita. Alhamisi ikapita. Ijumaa maulidi yakasomwa.

Asha aliporudi hakuvua hata buibui. "Kasoma Saumu," akanambia. "Kasoma vizuri. Bi Riziki kakaa nyuma kabisa, kafumba mdomo mwanzo mpaka mwisho. Hata kwenye kiitikio."

Nilikosa pa kuuweka uso.

Jumamosi asubuhi nikaangukia PDF moja. Si ya kampuni. Kaiandika mtumiaji tu, sijui wa nchi gani, Kiingereza chepesi kabisa. Kila kitufe kakieleza kinafanya nini, kinaharibu nini, na lini usikitumie.

Kwenye ukurasa wa track za sauti kaandika: ukifungua track mpya ya mwimbaji, toleo hili linawasha lenyewe kirekebisha sauti. Kama mwimbaji wako anaimba sauti zilizo katikati ya vitufe viwili vya kinanda, kizime kwanza, la sivyo kitazivuta zote ziende kwenye kitufe cha karibu.

Wakuu, kasida zetu nusu yake iko hapo katikati. Bongofleva haikuonesha tatizo kwa sababu sauti za wale vijana ziko kwenye vitufe vya kinanda.

Nikakizima kwenye rekodi ya Bi Riziki, maana kumbe kinageuza wakati wa kusikiliza tu, rekodi yenyewe hakiigusi. Nikabonyeza play.

Sauti ya Bi Riziki ikatoka nzima. Inateleza, ina huzuni, iko vile vile. Nikalia peke yangu mle ndani.

Nikabeba laptop mpaka Pujini. Nikamkuta kibarazani anachambua mchele. Nikamuwekea, sikueleza kitu kwanza.

Akasikiliza. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Ndipo nikamweleza yote, na maneno yangu ya Alhamisi ile nikayataja mwenyewe.

Akasema bila ukali:

"Siku tisa, mwanangu. Siku tisa sijamwimbia hata mjukuu wangu akalala. Na ilikuwepo."

Nikamwomba radhi. Akasema kashanisamehe, lakini Saumu keshakabidhiwa mbele ya watu, hawezi kumnyang'anya mtoto wa watu.

Sasa wakuu, funzo. Usimpe mtu hukumu kwa chombo ambacho wewe mwenyewe hukijui. Na nyinyi mnaotengeneza hizi programu, au mnaojua kuziandikia: manual mbovu huumiza watu msiowaona. Niandikieni kitufe kinaharibu nini, hilo ndilo nalihitaji.

Nimeanza kuifasiri ile PDF kwa Kiswahili, kidogo kidogo. Nimefika ukurasa wa kumi na moja. Mwenye Kiingereza kizuri anayefanya hizi kazi ajitokeze hapa chini tugawane kurasa. Na kama nawe programu imewahi kukudanganya, tusimulie.

Nyongeza: kuna aliyeniuliza PM kama Bi Riziki anasoma tena. Ndiyo, mwezi uliopita alikuja kurekodi na wanafunzi wake. Kasoma vizuri sana, na mlango safari hii niliuacha wazi.

Ila mtu ambaye miaka yote hakuwahi kumuuliza yeyote, sasa kila akimaliza mstari anasita, ananitazama mimi, na kuniuliza: "Imetoka?"