Bi Kiroba Katikati ya Uwanja

Gunia likipasuka Isaka, anaitwa Limi. Anakuja na shazia yake, ile sindano nene ya magunia, na uzi wa katani, anachuchumaa ghalani kati ya reli na foleni ya malori ya Burundi, na kabla dereva hajamaliza kulalamika, gunia limekwisha kufungwa mdomo. Kazi hiyo ameifanya tangu usichana wake na haijawahi kumchosha, kwa sababu mikono ndiyo inayoshona. Masikio yako huru.

Masikio yake huyapeleka kwa madereva. Mkongo akisema kwenye simu "niko nakuya", Limi huirudia kimoyomoyo kama mtu anayeonja mchuzi. Mtu wa Tanga akimgombeza utingo wake kwa Kiswahili kilichopigwa pasi, nacho anakiweka akiba. Mnyarwanda akiaga kwamba anakwenda kurara, Limi hamcheki, maana anajua Wasukuma wanavyochekwa wakifika Dar es Salaam. Anachopenda ni kuiona lugha ikiacha barabara ya lami na kukatiza vichochoroni. Anapenda pia maandishi ya nyuma ya malori. SAMAHANI KWA VUMBI. SIJALALA NIMEFUMBA MACHO. Siku lilipopita lori lililoandikwa HATA MAMA MKWE KALIKUBALI, aliacha kushona akalisindikiza kwa macho mpaka likapotea njia ya Kahama. Anapenda rumba inayomwagika kutoka kwenye kabini, anapenda singeli ya vijana wa kupakua mizigo, na juu ya vyote anapenda ngoma ya kwao, ile ya mashindano baada ya mavuno.

Iko miji ambayo mtu wa namna hii hupewa ukumbi na kiti cha mbele. Isaka ilimpa viroba chakavu. Kwa viroba hivyo akashona mdoli wa kimo cha mtu, akamjaza pamba, akamtia macho ya vizibo vya soda na meno ya punje za mahindi, akamfungia mdomo unaofunguka kwa kamba. Miguu ya mdoli ni gambuti zilizokatwa shingo, na gambuti hizo hufungwa kwenye miguu ya Limi mwenyewe, mmoja kwa mmoja, hata Limi akicheza wanacheza wawili. Alimwita Bi Kiroba.

Justa, mwenzake wa kushona, ndiye mwenye simu nzuri. Yeye alianza kumrekodi Bi Kiroba na kumweka mtandaoni. Kisa ni kilekile kila wiki: Bi Kiroba anamngoja mume wake dereva, na mume anapiga simu kutoka kila mpaka akiwa na lugha mpya na sababu mpya. Bi Kiroba humjibu kwa lugha hiyohiyo, vibaya kuliko yeye. Watu walicheka kutoka Bujumbura hadi Geita. Wengine walikasirika.

"Huyu anauliza, eti mama huyu hana kazi?" Justa alisoma siku moja.

"Mwambie ninayo. Nashona."

"Huyu anasema unatuaibisha Wasukuma."

"Mwambie mwadila. Kama ni Msukuma, salamu ataiitikia."

Shida ilikuja na ngoma. Katika nchi ya Wasukuma wachezaji wamegawanyika pande mbili, Bagika na Bagalu, na mwenye kuzaliwa upande mmoja hafikirii kuhamia wa pili. Siku ya mashindano pande zote mbili hupiga ngoma zao kwa wakati mmoja, katika uwanja mmoja, kila upande na mduara wake. Hakuna mwamuzi wala filimbi. Watazamaji huamua kwa miguu: mduara wenye watu wengi jua likienda kuchwa ndio ulioshinda. Kwa hiyo kila manju, kiongozi wa waimbaji, huficha kioja chake mpaka siku yenyewe. Kinaweza kuwa chatu, kinaweza kuwa mtu anayecheza juu ya paa la nyumba. Kikijulikana mapema, kimekufa.

Marehemu baba yake Limi alikuwa Mgika. Baba yake mdogo, Makoye, ndiye manju wa Bagika mpaka leo, na mwaka huu, kwa mara ya kwanza, alimwambia Limi amlete Bi Kiroba mduarani. Limi alifurahi mpaka akajisahau. Akiwa mazoezini alimfundisha Bi Kiroba hatua za Bagika, Bi Kiroba akakosea vizuri sana, na Justa akarusha video yake mtandaoni, wimbo na vyote. Bi Kiroba alikuwa amejulikana mwaka mzima. Nani angedhani kwamba naye ni siri?

Makoye hana simu ya kutazama picha. Habari aliipata mnadani, kwenye ng'ombe, na siku hiyohiyo akafika ghalani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba." Hakukaa. "Magesa wa Bagalu amenisalimia leo. Ameniuliza hali ya mke wangu wa gunia."

Justa alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Ukamjibu nini?" Limi aliuliza.

"Ningemjibu nini? Anazijua gambuti. Anazijua hatua zetu. Wimbo wenyewe aliniimbia pale, mbele ya ng'ombe."

"Kuzitoa hatua nilikosea, baba mdogo. Nakuomba radhi. Lakini Bi Kiroba watu walikuwa wanamfahamu."

"Watu wa simu. Si watu wa uwanjani."

"Ni walewale. Simu wanakuja nazo mfukoni."

Makoye alitazama magunia kama anayetafuta lililo tayari kukalika, asilione. "Ufute ukurasa wote. Mdoli uniletee, kijana mmoja atacheza naye. Wewe utapiga vigelegele na akina mama."

"Sifuti."

"Limi."

"Sifuti, na simtoi. Miguu yake imefungwa kwenye miguu yangu."

"Basi usikanyage mduara wa Bagika. Ngoma ya baba yako utaitazama kwa mbali, pamoja na hao rafiki zako wa simu."

Akaondoka. Limi alirudi kwenye gunia lake, akashona mshono mzima kabla ya kugundua kwamba shazia haina uzi. Ukurasa ungefunguliwa mwingine, mdoli angeshonwa mwingine. Ule mduara ulikuwa mmoja. Humo ndimo baba yake alimfunga njuga za kwanza, na hakuna mahali pengine duniani ambapo mtu aliwahi kumwambia Limi, kama baba yake alivyomwambia, aongeze kelele.

"Tufute, halafu tufungue mwingine," Justa alisema. "Mzee atajuaje?"

"Magesa atamwambia."

"Tuombe radhi basi."

"Nimeomba, kwa nililokosa. Nikifuta ni kama kusema Bi Kiroba mzima ni kosa. Si kosa, Justa. Sitasema hivyo hata nikifungiwa humu ghalani."

Jumapili ya mashindano, watu walitoka misani wakapitiliza moja kwa moja uwanjani, shamba la mtu lililokwisha kuvunwa pamba. Bagalu walifunua kioja chao mapema. Magesa alikuwa amekwenda kwa mchomelea vyuma wa Nyasubi akatengenezewa mwanamume wa mbao na bati, mrefu, mwenye kofia ya wachimbaji ya taa mbele. Betri ya bodaboda ilimfanya apandishe mkono na kuushusha, mfululizo, kama anayesimamisha gari. Watu walikimbilia huko. Mduara wa Makoye ukabaki na wake za wachezaji na wazee wasioweza kukimbia.

Limi alifika na Bi Kiroba mgongoni. Vijana wawili wa Bagika walisimama mbele yake.

"Dada, mzee amekataza."

"Amekataza wapi?"

"Mduarani."

"Na pale?"

Alionyesha ule ukanda wa udongo kati ya miduara miwili. Vijana walitazamana. Pale hapakuwa pa mtu. Pale watazamaji hupita tu wakihama, na hakuna aliyewahi kusikia mchezaji akisimama hapo, kwa kuwa hapo hakuna ngoma.

"Pale hakusema," mmoja alikiri.

Limi akaenda, akaketi chini, akafunga gambuti kwenye miguu yake, akainuka. Ngoma hakuwa nayo, lakini ngoma zilimjia kutoka pande zote mbili, na haziafikiani. Basi mguu wa kulia akawapa Bagika, wa kushoto akawapa Bagalu. Bi Kiroba akawa mwanamke aliyealikwa kwenye arusi mbili kwa wakati mmoja. Kulia alinyenyekea, kushoto alirusha gambuti, kiuno katikati hakijui kifuate nani. Mama mmoja aliyekuwa akihama alisimama kutazama. Nyuma yake wakasimama wengine.

Kisha Bi Kiroba akageuka, akamwona yule mtu wa bati.

"Aaa," alisema, kwa ile sauti watu waliyoijua. "Kumbe uko huku. Mwaka muzima unaniambia niko nakuya, niko nakuya. Kumbe ulikuya, ukaingia mugodini."

Mtu wa bati akapandisha mkono.

"Usinipungie. Shuka tuongee."

Akaushusha.

"Bado unanipungia? Mbele ya watu wa kwetu?"

Akaupandisha tena, maana betri haina aibu. Kicheko kilianzia kwa vijana wenye simu kikafika kwa bibi zao, na miguu ikaanza kusogea. Ilitoka kwa Magesa, na ile michache iliyobaki kwa Makoye nayo ikatoka. Muda si muda kulikuwa na mduara wa tatu, mnene kuliko ile miwili, na manju wote wawili wakabaki wanawaimbia wapigaji wao wenyewe.

Magesa alikuja kwa hasira. "Makoye, mtoe mtu wako hapo katikati. Huu si utaratibu."

"Si mtu wangu," Makoye alijibu kwa mbali. "Nimemfukuza."

Magesa akatabasamu. "Geete, kweli? Basi mayu, mama yetu," alimwambia Limi, "njoo kwetu. Ngoma zipo. Na mume wako yupo."

Uwanja ulicheka. Limi hakucheka. Alimtazama baba yake mdogo, akangoja.

Makoye alivuka ule udongo polepole, njuga zikimlia miguuni kila hatua. "Rudi mduarani," alisema.

"Na ukurasa?"

"Tutazungumza nyumbani."

"Ghalani ulikwisha kusema, baba mdogo, na aliyekuwapo ni Justa peke yake. Leo sema hapa."

Makoye aliwatazama watu. Akamtazama Magesa, aliyekuwa bado amenyoosha mkono wa kukaribisha. "Ubaki nao," alisema kwa sauti ya chini.

Bi Kiroba akapeleka mkono wake wa gunia nyuma ya sikio. "Unasema je, nzee? Mimi niko nasikia kidogo."

Watu wakasogea. Makoye amekuwa manju muda mrefu, na amevuta watu kwa ulimi kuliko kwa miguu. Anajua umati ukishika pumzi unataka nini. Alifunga macho, akakohoa, akaimba. Alimwimbia bibi wa gunia kwamba abaki na simu yake, aseme atakavyo, azungumze na Kongo na Burundi, ila leo acheze kwao alikozaliwa. Wapigaji wa Bagika waliudaka wimbo kabla haujafika mwisho, na Limi akaingia mduarani kwa miguu yote miwili, na umati nyuma yake.

"Hatua zetu hutazitoa tena kabla ya siku," Makoye alimwambia alipompita.

"Hizo sizitoi."

"Na mimi usinitie humo."

"Umeshaingia, mzee," alisema Justa, simu ikiwa juu.