Mchoro Mmoja, Milango Miwili

Ustadh Wagih, ukimuuliza njia, hakukujibu kwa mdomo. Alitoa kalamu ya risasi mfukoni mwa shati, akatafuta karatasi yoyote, hata ile iliyofungiwa maharage ya asubuhi, akakuchorea: hapa msikiti, hapa daraja, hapa wewe. Watu wengi wa mji wetu wa Mansura wamefika walikokwenda kwa vikaratasi vyake.

Alikuwa mchora ramani wa Idara ya Umwagiliaji kwa miaka thelathini na moja. Alipostaafu, mkewe akiwa ameshafariki, alihamia klabuni kwetu, maana nyumbani alilala tu. Mimi nilikuwa mtunza bwawa la kuogelea pale. Nilipiga deki, nilitia klorini, na nilimsikiliza. Alikuwa na neno lake moja, akilirudia mpaka wacheza dadu wa klabu wakamwiga sauti: mchoro unaohitaji kuulizwa si mchoro, ni fumbo.

Mwaka ule klabu yetu ilipewa mashindano ya majimbo, na Haji Rifaat, mwenyekiti, akataka mchoro wa bwawa utundikwe ukutani kwa ajili ya waogeleaji wageni. Wagih aliifurahia kazi ile kama mtu aliyerudishiwa ujana. Tulipima bwawa mimi na yeye, mimi nimeshika ncha ya utepe, yeye ananifokea kwa upole nisiulegeze. Urefu mita ishirini na tano. Njia sita, na kamba zake. Bendera za wanaoogelea chali, mita tano kutoka kila ukuta. Upande wa kina, mita mbili na robo. Upande mwingine, maji ya kiunoni.

Mchoro wa kwanza ulijaa kila kitu, hata mabomba. Akaanza kufuta. Kila alipofuta alimpelekea Shalabi, muuza chai wa klabu, ambaye shule aliiona kwa nje.

"Kina kiko wapi hapa, Shalabi?"

"Ustadh, mimi naona godoro lenye mistari."

Siku ya nne Shalabi akaweka sinia chini, akautazama mchoro, akautazama mlango wa bwawa, akanyoosha mkono kulia. "Kule. Hata punda wa mjomba angejua."

Wagih alicheka hadi akafuta miwani. Upande wa kulia ulikuwa buluu nzito, wa kushoto buluu ya maziwa, na maneno mawili tu: kina kirefu, kina kifupi.

Sasa bwawa letu lilikuwa na milango miwili. Wanaume waliingia kwa upande wa mkahawa. Wanawake walikuwa na mlango wao ng'ambo ya pili, wenye ushoroba wa vyumba vya kubadilishia nguo, na mwanamume hakukanyaga pale ila mimi, alfajiri, na ndoo yangu, kabla hawajaja. Haji Rifaat akasema mabinti nao wanahitaji mchoro. Wagih akaweka karatasi ya kunakilia juu ya ule wa kwanza, akaunakili mstari kwa mstari bila kukosea hata nywele. Ushoroba ule hakuwahi kuuona, na adabu haikumruhusu kuomba. Alinipa mimi. Msumari niliupiga mimi.

Tulikuwa watu wazima wawili na hakuna aliyefikiri kwamba aliye ng'ambo ya pili, kulia kwake ni kushoto kwetu.

Siku ya mashindano alikuja binti wa miaka kumi na sita kutoka mji wa Zagazig, jina lake Nihal. Hakuwahi kuliona bwawa letu. Maji yalikuwa na ukungu wa kijani kwa sababu klorini ilichelewa wiki nzima, na chini hakukuonekana. Majukwaa ya kurukia yalikuwa yameng'olewa asubuhi ile kupigwa rangi, na namba za kina ukingoni jua lilishazila. Kocha wake aliwaambia waogeleaji wake wasirukie ila upande wa kina. Binti mtiifu. Alisimama ushorobani, akausoma mchoro kama alivyofundishwa, akatoka, akageuka kulia, akaruka kwa kichwa kwenye maji ya kiunoni.

Tulimtoa mimi na wenzangu. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu kwa nini hasikii miguu yake, akiniita ami.

Tume ilikuja ikaandika maji machafu na ajali. Mchoro haukutajwa, na Wagih hakuhojiwa. Alikuwa wa kwanza kuwapelekea jamaa za binti chakula hospitali, na huko alisikia shingo imevunjika, mikono na miguu haitarudi. Hata hapo hakujua.

Alijua siku ya tatu. Bwawa lilikuwa limefungwa, hakuna mtu. Aliniomba nimfungulie ule mlango wa pili, akasema anataka tu kuona alipopita mtoto. Akasimama mbele ya mchoro wake. Akageuza kichwa akatazama bwawa, akarudi kwenye mchoro. Mara tatu hivi. Kisha akakaa sakafuni, palepale penye maji, na suruali yake ya suti.

"Nimemwelekeza mimi," akasema.

Nikamwambia klorini. Nikamwambia majukwaa, na Haji, na msumari wangu. Aliyasikiliza yote kwa heshima, kama mtu anayesikiliza bei ya kitu asichonunua.

Tangu hapo alichora bwawa lile lile kwa miaka miwili. Wacheza dadu walidhani ni uzee. Shalabi alimtania mara moja tu, akimuuliza kama godoro limepata mteja, halafu alipouona uso wake akaenda kuosha vikombe. Wagih alitaka mchoro ambao mtu akiwa mgeni, ana haraka, ana woga wa mashindano, hawezi kuukosea. Aliuchora kutoka mlango wa wanawake, nikimsimulia kila dirisha. Akaweka duara jekundu: umesimama hapa. Akaweka mnara wa saa unaoonekana ng'ambo, ili jicho lipate pa kushika. Upande wa maji ya kiunoni akachora mtu amesimama, maji yanamfika mkanda. Upande wa kina akachora mtu huyo huyo, maji yamempita utosi. Hapakuhitajika hata neno.

Alipoupeleka kwa Haji Rifaat ili utundikwe, Haji hakukasirika. Alimwagizia kahawa, akamweleza taratibu kwamba kutundika mpya ni kukiri wa zamani ulikuwa mbaya, na wazazi wa binti wana wakili. Halafu akamwambia lililobaki: bwawa litafukiwa kabla ya Ramadhani. Panajengwa ukumbi wa harusi.

Wagih aliukunja mchoro akanijia. "Basi umebaki na msomaji mmoja," akasema. "Twende, Bayumi. Nataka anisomee. Akisema naye huu hauelewi, nitajua kwamba bwawa lile halikuchoreka, na nitalala."

Nilimsihi asiende. Tulipanda gari moshi la asubuhi la kwenda Zagazig.

Mama Nihal alitupokea vizuri kupita tulivyostahili. Alitutilia chai, akasogeza sahani ya biskuti za tende. Nihal alikuwa kitandani karibu na dirisha, nywele zimesukwa vizuri, uso umekonda. Wagih alijitambulisha kwa jina, kisha akasema yeye ndiye aliyechora ule mchoro wa siku ile. Mama akaweka birika chini. Nihal akasema, "Karibu, ami," na akaomba aone alichoshika.

Wagih akaushika mbele ya macho ya Nihal kwa mikono miwili. Binti aliutazama muda mfupi sana. Si zaidi ya mtu anavyotazama saa.

"Kina kiko kushoto," akasema.

Wagih akamwomba atazame tena, asiharakishe.

"Hakuna haja, ami. Uko wazi." Hakuwa na ubaya, alikuwa anajibu alichoulizwa. "Ungekuwa huu siku ile, ningegeuka kushoto."

Pale ndani nilisikia maji ya birika yakitulia. Wagih alitikisa kichwa mara nyingi, kama anayekubali hesabu iliyopigwa sawasawa. Alitaka kuuacha kitandani. Mama Nihal akamrudishia mkononi, akamwambia kwa sauti ya chini, "Uchukue, Ustadh. Hapa hatuna pa kuutundika."

Ndani ya gari moshi aliushikilia mapajani mpaka Mansura.

Aliishi miaka minne zaidi. Ukumbi wa harusi ulijengwa, na tulipokaa mkahawani tulisikia ngoma kutoka pale palipokuwa njia ya tatu na ya nne. Siku moja mgeni mwenye begi alimwinamia akamuuliza njia ya hospitali ya macho. Ni mtaa wa pili tu kutoka pale, hata kipofu angefika. Mkono wa Wagih ulikwenda mfukoni, ukaishika kalamu, ukakaa humo.

"Muulize mwingine, mwanangu," akamwambia.