Aliyeanguka Bila Kuguswa

Nilipanda ulingoni na mtoto mgongoni, nikapiga goti, nikatia kidole katika ule unga mweupe uliomwagika juu ya turubai, nikaulamba. Mume wangu alikuwa amelala chali hatua mbili kutoka kwangu, macho yamefungwa, ulimi umetoka kidogo, kama alivyoambiwa afanye. Refa alikuwa amekwisha kuhesabu tatu.

"Ni bunga ya mihogo," nilisema. "Tena iko na muchanga."

Ilikuwa Jumapili ya nne ya mchezo ule. Zile tatu za kwanza nilikaa mstari wa mbele na kufunga mdomo, nikamtazama yule mpiganaji aliyejipaka chokaa akizunguka na pembe yake ya dawa, akipuliza ule unga, na mume wangu akiyumba, akishika koo, akianguka kama gunia. Hata ya nne ningenyamaza. Lakini nyuma yangu walikaa wachimbaji wawili. Mmoja ndiye aliyekuwa mkubwa wa shimo ambamo mume wangu alichimba kule kwenye machimbo ya Kamatanda, na nilimsikia akimwambia mwenzake bila hata kushusha sauti: "Huyu balisha kumumaliza. Kesho asiingie mu shimo na siye. Udongo itatuangukia."

Hapo nikasimama.

Yule wa pembe, ambaye siku za kazi alitengeneza baiskeli kando ya barabara, na hata yetu aliwahi kuitia kiraka, aliinama karibu na sikio langu. "Mama, shuka, tafazali. Siye bote tuko na batoto."

Sikushuka. Nililamba tena, polepole, ili hata wa mwisho nyuma aone. Nilidhani watu watacheka na mambo yataishia hapo. Hawakucheka. Walikuwa wanangoja nianguke. Walipoona bado nimesimama, mwanamke mmoja akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Njo ile. Dawa iko kwa bibi yake."

Niliposhuka walinifungulia njia pana kuliko ile wanayofungulia jeneza. Kosa lilikuwa langu. Nilitaka kumtoa mume wangu katika habari za uchawi, nikaingia mwenyewe, na mtoto mgongoni.

Nisieleweke vibaya, siichukii kachi. Ndivyo tulivyoiita mieleka ya ulingoni, na mimi niliipenda kuliko mume wangu, ingawa yeye ndiye aliyeicheza. Baba yangu alikuwa seremala katika kiwanda cha shaba. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana alikwenda kukagua mbao za ulingo katika ukumbi wa wafanyakazi, na alinichukua. Mchezo ulipoanza aliniacha nikae chini ya mbao, gizani, kati ya miguu ya ulingo, maana viti vilikuwa vya wanaume. Kwa hiyo kabla sijajua kuitazama kachi nilijua kuisikiliza. Mtu anayejua kuanguka anatoa sauti mbili: kiganja kwanza, mgongo baadaye. Asiyejua anatoa sauti moja tu, na baada yake unasikia watu wanaita machela.

Watu wananiambia kachi ni uongo, wamepatana. Ndiyo, wamepatana. Padri na waumini wake pia wamepatana nani atasema nini tangu mwanzo wa misa mpaka mwisho, na sijaona mtu akisimama katikati kulalamika kwamba ameibiwa. Mimi siulizi kama wamepatana. Nauliza kama kuna mtu ameshikwa.

Mpinzani wa mume wangu alikuwa fundi wa tanuru, mtu wa Kasai, mkoa mwingine wa nchi yetu, shingo fupi, masikio madogo, mpole kama mlinzi wa mlango wa kanisa. Miaka sita walipigana wao kwa wao, nusu saa nzima kila mara, na ukumbi haukuchoka. Kulikuwa na mahali ambapo alimnyanyua mume wangu juu ya kichwa, miguu hewani, na watu wote wakasimama kwa sababu safari hii hakika angemvunja. Alimteremsha kwa kishindo. Sauti mbili. Watu walikuwa wanatazama miguu, na mimi nilitazama mkono wa kushoto. Ulikuwa umefunguka nyuma ya kisogo cha mume wangu, vidole vyote vitano, kama mama anavyomlaza mtoto aliyelala asije akaamka. Wakati huo alikuwa bado si mume wangu. Wanasema mwanamke anampenda mwanamume kwa macho yake, sijui kwa sauti yake. Kama nitasema kweli, nilipenda kwanza mkono wa mwenzake. Nikajiuliza ni mtu gani huyu anayeaminiwa na mkono kama ule.

Baadaye zilikuja kaseti za video za kachi za nje, na watu wakaniambia sasa utaona kachi yenyewe. Nikaona. Wale wa Amerika wanaongea mno. Mtu ameshika maikrofoni muda wa kupika maharage, anatukana, anaonyesha misuli, halafu anapigana muda wa kuchemsha chai. Kulikuwa na mzee mmoja tu niliyemheshimu, mwembamba, mwenye upara, ambaye kazi yake ilikuwa kushindwa kila wiki. Alianguka vizuri kiasi kwamba walioshinda walionekana wakubwa. Hakuna mtu aliyejua jina lake, na kaseti zenyewe hazikuliandika.

Mara moja pia mapadri walituonyesha filamu ya kweli, siyo ya kuigiza, juu ya kachi ya Kinshasa. Mzungu alikuwa anaongea juu ya picha kwa Kifaransa kizito, anasema siri, anasema mila, anasema Afrika. Kamera ilipenda pembe, ilipenda kuku, ilipenda moshi. Haikukaa hata mara moja kwenye mkono. Nilitoka nimekasirika mpaka nikasahau mwavuli wangu. Na ya hapa Likasi hakuna aliyeirekodi wala kuiandika. Waliandika shaba, tani kwa tani, na madaftari yake yalijaza makabati. Nani alimnyanyua nani katika ukumbi ule, ni sisi tu tunaojua, na sisi tunapungua.

Tulianza kupungua mwaka ule watu wa Kasai walipofukuzwa mkoani kwetu, eti warudi kwao, wakakusanyika stesheni. Walilala pale wiki nyingi, na magodoro, na masufuria, na wazee, wakingoja treni. Mume wangu alikwenda kila siku na bukari, ugali wetu, katika kitambaa, kumpelekea yule fundi wa tanuru. Siku treni ilipokuja nilikwenda naye. Wale wawili walishikana kama walivyokuwa wakishikana mwanzo wa mchezo, paji kwa paji, mkono kwenye kisogo, na mimi mjinga nikangoja kuona nani atamzungusha mwenzake. Hakuna aliyezungushwa. Waliachana, mmoja akapanda.

Baada ya hapo mishahara ilikatika, ukumbi ukafungwa, na mbao za baba yangu zikaondoka moja moja, nyingine kuwa moto, nyingine kuwa mlango. Jirani yetu mmoja alifunga kuku wake nyuma ya ubao wenye rangi ya bluu ya ulingo. Mume wangu alitafuta mwingine wa kucheza naye. Vijana walikuja, wana nguvu, hawana mikono. Mmoja alimwachia kutoka juu kama anatupa takataka, nusura amvunje mtulinga. Akaacha. Akachukua nyundo na gunia, akaenda Kamatanda kuchimba na wengine.

Ndipo akaja mwandalizi mmoja wa michezo na kipaza sauti chake cha betri. Aliketi ndani kwetu, akaeleza kwamba watu wa siku hizi hawana subira ya kutazama mtu anashikwa. Wanataka dawa. Mume wangu angepuliziwa, angeanguka, basi. Kila Jumapili angelipwa nusu ndoo ya unga na chupa ya mafuta ya mawese. Mume wangu alikataa. Alisema yeye hajawahi kuangushwa na hewa.

Mimi ndiye niliyesema akubali. Naliandika wazi, kwa sababu hasira yangu yote imejengwa juu ya neno hilo. Mtoto alikuwa na miezi saba na maziwa yangu yalikuwa yanakauka. Nilimwambia, kuanguka si kazi yako? Basi anguka.

Jumatatu ile, baada ya mimi kulamba unga, aliondoka alfajiri na nyundo yake na kabla jua halijawa kali alikuwa amerudi. Mkubwa wa shimo alikuwa amemwambia kwa heshima kwamba hana chuki naye. Lakini watu saba wanashuka kwa kamba moja, na hakuna anayetaka kwenye kamba yake mtu aliyepigwa na dawa akalala, tena ambaye mke wake anaila dawa ile kama sukari. Na shimo ndilo lililotulisha siku sita za wiki. Kwenye bomba la maji wanawake walisogeza beseni zao. Hakuna aliyenitukana. Ningefurahi wangenitukana, ningejua la kujibu.

Nilimwambia mume wangu nitakwenda soko zima, nitasimama mlangoni mwa kila kanisa, nitasema yote: walipatana, dawa ni unga, kuanguka ni mchezo. Alikuwa anapangusa nyundo ambayo haikuwa na udongo.

"Utasema tulipatana?"

"Nitasema."

"Basi useme na ya zamani. Useme na rafiki yangu alikuwa anadanganya bantu."

Nilinuna siku mbili kwa sababu alikuwa amesema kweli. Siwezi kufungua pazia nusu. Nikisema hili limepangwa, wataniuliza na lile, na lile ndilo kitu pekee alichokuwa amebakiza cha kujivunia. Mimi pia.

Siku ya tatu nilikwenda kwa mkubwa wa shimo. Alinisimamisha nje ya ua, mtoto wake akinichungulia nyuma ya mguu wa baba yake, na nikaona kwamba ananiogopa kweli, jitu lile. Nilimwuliza atamrudisha mume wangu kwa sharti gani. Alifikiri.

"Mama, miye sina mubaya na yeye. Ulete karatasi ya Leta inasema hakushindwa. Bantu ya mu shimo banaogopa muhuri kupita dawa."

Leta ndivyo tunavyoita serikali. Haikuwa imetupa chochote kwa miaka, lakini muhuri wake bado ulikuwa na nguvu.

Katika biro ya komini, ofisi ya Leta ya mtaa wetu, msimamizi wa michezo alikuwa na meza, kiti, na muhuri uliofungwa katika kitambaa. Karatasi hakuwa nayo. Nilikuwa nimekuja na ya kwangu, kurasa za katikati za daftari langu la mwaka wa mwisho wa sekondari. Aliniuliza ni malalamiko ya namna gani. Nikaanza kueleza unga, pembe, ulimi, akaninyooshea kalamu ninyamaze. Alisema kama ni uchawi niende kwa chifu, na nitatoka kule na karatasi inayosema mume wangu alirogwa. Kama ni udanganyifu niende polisi, na watakayemfunga kwanza ni mume wangu, kwa sababu ndiye aliyejilaza. Mtoto alilia, nikamnyonyesha pale pale. Yule bwana akageuza kiti kwa adabu, akaongea na dirisha.

"Mama, weye ulikuwa unaangalia kachi zamani?"

"Tangu niko mutoto. Chini ya ringi."

"Basi usiniambie ya muchawi. Niambie kosa ya kachi."

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo, hata mimi sikuwa nimejiuliza. Nilikuwa nimehangaika na unga siku zote hizo, na kosa lilikuwa wazi mbele ya refa.

"Hakumugusa," nilisema.

Akageuka, ingawa mtoto bado alikuwa ananyonya. "Hata kidole?"

"Hata kidole."

"Na refa alihesabu?"

"Mpaka tatu."

Alifungua kile kitambaa cha muhuri kwa hasira. Alikuwa mfanyakazi wa kwanza wa Leta niliyemwona katika miaka ile akikasirikia kitu kisichokuwa mshahara wake. "Ile hapana kushindwa," alisema. "Andika."

Alitaka niandike kwa Kifaransa. Nilianza, nikaona Kifaransa changu kina adabu nyingi kuliko mimi, nikageuza ukurasa, nikaandika kwa Kiswahili. Hii ndiyo barua niliyompa:

Kwa Bwana msimamizi wa michezo. Kuhusu hesabu ya Jumapili iliyopita.

Bwana, mimi ninayetia sahihi hapa chini, mama wa mtoto mmoja, mtazamaji wa kachi tangu utoto, ninalalamika juu ya refa. Alihesabu tatu juu ya mabega ya mtu ambayo hakuna aliyeyabana. Mabega yaliyolala yenyewe hayakushindwa. Ingekuwa hivyo, kila mtu wa Likasi angekuwa anashindwa kitandani kwake.

Juu ya dawa sisemi neno. Ulingoni tunauliza nani alimshika nani, na alimshika wapi.

Ninaomba hesabu ile ifutwe, na iandikwe kwamba mtu huyu hakushindwa. Ninaomba pia mchezo urudiwe, kwa mikono, na mpinzani anayejua kumteremsha mwenzake. Kama hapa mjini hayupo tena, ninaomba biro yako iandike kule alikopelekwa, imtafute fundi wa tanuru mwenye shingo fupi, imwambie kwamba anaweza kurudi. Tutamlaza kwetu. Mume wangu bado ana mwili wa kunyanyuliwa, ingawa amepungua.

Mashahidi ni wote waliokuwa uwanjani, na hakuna hata mmoja atakayesema aliona mkono.

Ninaomba nakala yenye muhuri leo, kabla biro haijafungwa. Kesho alfajiri watu wanashuka shimoni na wanataka kuisoma kwanza.