Zawadi ya Mgongo wa Bwana Thamrong

Samniang aliujua mgongo wa Bwana Thamrong kuliko alivyoujua uso wake. Kwa miaka kumi na moja, kila asubuhi ya Jumanne na Ijumaa, alitembea nyuma ya mgongo ule akivuta kigari chenye mkoba wa fimbo. Ulipomuuma kidogo, mzee alipiga mluzi. Ukimzidi, alinyamaza akashika kiuno kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Na siku mbaya kabisa alicheka na kila mtu, ili asiulizwe.

Samniang alikuwa kedi, mbebaji wa fimbo za wachezaji, katika uwanja wa gofu nje kidogo ya mji wa Ratchaburi. Makedi wote walikuwa wanawake. Walivaa kofia pana, wakajifunga vitambaa usoni kulikimbia jua mpaka yakabaki macho tu, na kila mmoja alikuwa na namba mgongoni. Wachezaji hawakujua majina yao. Yeye aliitwa Sitini na Moja.

Mwezi wa kumi na moja, Bi Wilai, msimamizi wao, aliwakusanya chini ya bati la kuhifadhia vigari.

"Kuanzia mwaka mpya, aliyepita miaka arobaini na mitano atabaki tu kama ana mchezaji anayemwomba kwa namba yake. Msininunie. Wageni wanataka wasichana, na wageni sikuwaumba mimi."

Samniang alikuwa na miaka hamsini na miwili. Wachezaji waliomwomba kwa namba walikuwa mmoja tu, na huyo mmoja alikuwa na miaka sitini na tisa, mwenye kiwanda cha vigae na pingili za kiuno zilizolika. Mgongo ule ukisimama, Samniang ana kazi. Ukianguka, hana. Kwa kazi hiyo alimlea binti yake, Orn, tangu baba yake alipoondoka, na Orn bado alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha uuguzi.

"Wenzako tumeolewa na wanaume," Toi, kedi mwenzake wa siku nyingi, alimtania. "Wewe umeolewa na mgongo."

"Nyamaza wewe. Angalau huu haunywi pombe."

Mwaka ulipokaribia kwisha, kila kedi alitafuta zawadi ya kumpa mchezaji wake. Toi alikwisha nunua kikapu cha biskuti, maana mchezaji wake alikuwa na meno na wajukuu. Samniang alitaka kitu cha kuushikilia ule mgongo mwaka mmoja zaidi. Wakaingia wote wawili katika duka la vifaa vya gofu mjini.

Toi akainua mkanda mpana wa kiunoni. "Huu je?"

"Atauvalia wapi? Wale rafiki zake watatu anaocheza nao wana midomo kama wauza samaki. Siku ya kwanza tu watamuuliza ana mimba ya miezi mingapi."

"Mafuta ya kuchua?"

"Gari lake lote linanuka mafuta ya kuchua."

"Mto wa kiti."

"Mkwewe alimpa mwaka juzi. Dereva ndiye anaukalia."

Muuza duka, aliyekuwa akiwasikiliza, akavuta droo na kutoa kitu cheusi cha mpira, kidogo kama kikombe cha kahawa. Kinavikwa kwenye ncha ya mshikio wa ile fimbo fupi ya kusukumia mpira shimoni, alisema. Mpira ukishaingia shimoni, unaigeuza fimbo, unabonyeza, na mpira unapanda nao. Huinami.

Samniang alikishika kitu kile kwa muda mrefu.

Maana yeye ndiye aliyemwinamia mzee siku zote. Alimchomekea kijiti cha kuwekea mpira, akamwokotea mipira majanini, hata kamba za viatu alimfunga. Kitu kimoja tu mzee alikikataza. Mpira ulioingia shimoni, kedi haugusi. Walicheza kwa dau, yeye na wale watatu, na aliamini kwamba mtu mwingine akiutoa mpira wake, bahati inamfuata huyo. Kwa hiyo mara kumi na nane kila asubuhi aliinama mpaka chini mwenyewe, huku Samniang amesimama kando, amebana meno kana kwamba kiuno kile ni chake.

Akakinunua.

Njiani kurudi nyumbani ndipo hofu ilipomwingia. Akilini aliwaona wale watatu wakikizunguka kile kikombe. "Nini hicho, Thamrong, chuchu? Umekuwa ndama?" Aliuona na uso wa mzee. Mchezaji aliyeaibishwa na zawadi ya kedi hamgombezi kedi. Ijumaa inayofuata anaomba namba nyingine, basi. Hayo Samniang aliyaona kwa macho yake, kwa Arobaini na Tatu, aliyempa bosi wake dawa ya kupaka nywele.

Akakisukuma kikombe chini kabisa ya mkoba wake wa mkononi, akaenda sokoni kununua majani.

Mama yake alikuwa mkandaji wa wanawake waliojifungua. Samniang alijua kuponda ile tangawizi mwitu ya manjano, mchaichai, manjano yenyewe na maganda ya ndimu, akachanganya na chumvi na kafuri, akafunga kwenye kitambaa cheupe mpaka yakawa madonge sawa na ngumi. Donge linapashwa kwa mvuke, linakandiwa kiunoni. Alifunga manne. Nyumba nzima ikanukia.

Orn alisimama mlangoni akimtazama. "Mama, ungetumia majani makavu. Haya mabichi yataoza."

"Mabichi ndiyo dawa. Makavu ni ya watalii."

"Basi mwambie ayafungue leo leo."

"Nani humwambia mtu afungue zawadi? Unataka nionekane sikulelewa?"

Hapo Samniang alisema kweli. Zawadi hupokelewa imefungwa, hushukuriwa imefungwa, na hufunguliwa na mwenyewe kwa wakati wake, aliyeitoa akiwa hayupo. Kumharakisha mtu ni kumdai shukrani. Samniang aliyaweka madonge ndani ya boksi, akalifunga kwa karatasi ya dhahabu, akafunga utepe mwekundu. Alilifunga vizuri mno. Halikuonekana kitu kilichotoka jikoni kwa mtu.

Asubuhi ya mwisho ya mchezo mwaka ule, alimsubiri mzee kwenye maegesho ya magari. Mlango wa nyuma wa gari ulikuwa wazi, na ndani vikapu vya zawadi vimepandana kama mzigo wa kupeleka dukani. Wale rafiki watatu walikuwa papo hapo wakivua viatu. Samniang akapiga goti kidogo, akatoa boksi kwa mikono miwili.

Alitaka kusema, ni ya mgongo, bosi, ifungue leo. Akawatazama wale watatu.

"Ni kitu kidogo tu, bosi. Kisikae sana."

"Wewe naye, Sitini na Moja! Unajisumbua bure," mzee alisema. Alicheka, akamtania dereva, akawatania rafiki zake, akamtania hata mlinzi. Mkono wa kushoto ulikuwa kiunoni. Dereva alilichukua boksi akalisukuma chini ya kikapu cha makopo ya supu, akafunga mlango.

Samniang aliyaona yote hayo, akaenda nyumbani akiwa na homa ya mawazo.

Wiki ya pili ya mwaka mpya, homa ya kweli ilimpata Orn, ile ya mbu. Samniang alikaa naye hospitali siku tatu, na ya pili ilikuwa Ijumaa. Alikuwa akimpoza kwa kitambaa Toi alipopiga simu.

"Dada Niang, umekaa?"

"Sema."

"Bosi wako. Walimpa msichana, Mia na Kumi na Nne, leo. Shimo la saba, mpira umeingia vizuri kabisa, akaenda kuutoa. Akainama, dada, akabaki vilevile. Wenzake wakaanza kucheka, wanadhani anaigiza. Kisha akalia. Mzee yule akalia kama mtoto. Wamemchukua na gari la wagonjwa."

"Na huyo msichana alikuwa wapi? Alikuwa anafanya nini?"

"Angefanya nini, dada? Hata wewe mwenyewe huutoi."

Samniang aliikata simu. Akaingiza mkono mkobani kutafuta kitambaa kingine, na chini ya vyeti vya Orn vidole vyake vikagusa kile kikombe cha mpira, kingali ndani ya mfuko wake wa plastiki.

Sherehe ya makedi hufanyika mwishoni mwa mwezi wa kwanza, wageni wa sikukuu wakishaondoka. Wachezaji huchangia zawadi, zinapangwa mezani, na kila kedi huvuta karatasi yenye namba. Mwaka ule mwana wa Bwana Thamrong alifika na gari zima la zawadi. Alikuwa kijana mnene, mpole, mwenye haraka. Samniang alisimama ukutani akihesabu vikapu vikishushwa, na chini kabisa akaiona karatasi ya dhahabu na utepe mwekundu. Hata fundo lilikuwa lake.

Toi ndiye aliyelivuta. Kwenye sherehe hii zawadi hufunguliwa hadharani, ndiyo raha yake. Toi alichana karatasi, akafunua boksi, akarudisha kichwa nyuma. Madonge yalikuwa yameota manyoya ya kijani, na harufu ikazunguka ukumbi.

"Kutoka kwa Bwana Thamrong!" alitangaza mwenye kipaza sauti, na watu wakaangua kicheko.

"Mayai ya mamba hayo!"

"Yameviza, masikini!"

Yule kijana aliinamisha kichwa, viganja vimekutana kifuani. "Samahanini, kina mama. Baba alipewa na mtu. Hatukujua ndani mna nini."

"Nani huyo? Lazima alikuwa anamdai!" akadakia mmoja, na kicheko kikaanza upya.

Samniang alicheka pia. Toi alimtazama mara moja tu kutoka kule mbele, akajua. Akafunika boksi haraka, akalikumbatia.

"Mkome! Ni langu hili, asiguse mtu. Nampelekea mama mkwe, akapake usoni."

Wakazidi kucheka, lakini sasa walikuwa wakimcheka mkwewe Toi. Samniang alipata nafasi ya kumsogelea yule kijana mlangoni.

"Mgongo wake unaendeleaje, bwana?"

"Wamemtia vyuma, mama. Gofu imekwisha. Daktari hataki hata ainame kuvaa soksi."

"Mwambie Sitini na Moja anamsalimia."

"Nitamwambia," alisema kijana, tayari mkono mmoja uko kwenye mlango wa gari. Kisha akageuka. "Sitini na ngapi, mama?"

Bi Wilai alimvumilia mpaka mwezi ukaisha, labda mwingine angemwomba. Hakuomba mtu. Siku ya kurudisha sare, Samniang aliingia stoo kuagana na mkoba wa bosi, uliokuwa bado unamsubiri mwanawe aje kuuchukua akauuze. Alizifuta fimbo zote, moja moja, kama kila Ijumaa. Alipofika kwenye ile fupi, alitoa kikombe kwenye mkoba wake wa mkononi, akakivika kwenye ncha ya mshikio. Kilikaa sawasawa.

Akatoka na fimbo hiyo hadi kwenye shimo la mazoezi. Akaudondosha mpira ndani, akaigeuza fimbo, akabonyeza. Mpira ukapanda, naye amesimama wima. Akaurudisha, akautoa tena. Ilikuwa kazi rahisi, hata mzee mwenye maringo asingepata taabu. Alirudia mara nyingi, hakuhesabu, mpaka Bi Wilai alipomwita kutoka dirishani kwamba ofisi inafungwa.

Aliirudisha fimbo mkobani na kikombe chake. Huko itakakouzwa hakuna atakayeuliza kilitoka wapi.

Bi Wilai alimpokea fulana kwa mikono miwili, kwa heshima. "Dada, usinilaumu."

"Sikulaumu."

Kabla Samniang hajamaliza kuvaa viatu vyake, Bi Wilai alikwisha toa mkasi mdogo, akaanza kufumua uzi wa namba. Msichana mpya alikuwa anaanza kesho kwa namba hiyo hiyo, na fulana ile ilikuwa pana mno kwake.